Mguu wa Kushoto Haukuulizwa

Kamati ya klachi yangu ilikuwa na wajumbe wengi kuliko kamati ya harusi yangu, tofauti ni kwamba ile ya harusi ilichanga. Ukitaka kujua una ndugu na jamaa wangapi Dar es Salaam, si lazima ufiwe. Tangaza tu kwamba gari lako la manyuo linataka klachi mpya.

Gari lenyewe ni Altezza RS200. Toyota walipoitoa mwaka 1998 ilichaguliwa gari bora la mwaka huko Japani, na vijiweni sifa zake zinasimuliwa hadi leo: injini ya lita 2, nguvu farasi 210, gia 6. Kisichosimuliwa ni kwamba hao farasi hutoka bandani wote mshale ukifika mizunguko 7,600 kwa dakika, na mimi kutoka Tabata kwenda mjini nikiuona umefika 3,000 najua leo ni sikukuu. Gia ya tatu nakutana nayo Jumapili asubuhi. Ya sita naijua kwa kuisoma tu pale juu ya kirungu.

Klachi ilianza kujieleza siku niliyokwenda kumpokea mama mkwe, katokea Tanga, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis. Kaja na vikapu, machungwa na jogoo mmoja mweupe aliyefungwa miguu, ambaye alikaa siti ya nyuma pamoja naye. Tulipofika kwenye milima ya Kimara, foleni ikiwa ni ile ya sogea-simama, nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale ukapanda, gari likabaki linatafakari. Kisha ikaja harufu. Aliyewahi kuunguza klachi anaijua: ni nywele na raba vimechomwa pamoja, halafu inaganda kwenye vitambaa vya siti. Mama mkwe ni mtu wa adabu zake. Alifunika pua kwa ncha ya mtandio, akamtazama jogoo. Akamtazama tena.

"Baba Nuru," akasema kwa upole, "huyu kuku nilimwosha mwenyewe jana."

Kesho yake nikawa gereji, chini ya mwarobaini. Kipimo cha fundi hakihitaji kompyuta. Unavuta handibreki, unaingiza gia ya nne, unaachia klachi taratibu huku injini inawaka. Klachi nzima huizimisha injini palepale. Yangu iliachiwa hadi mwisho na injini ikaendelea kuwaka kwa amani, haina habari kwamba iko kwenye gia. Fundi akazima kwa ufunguo, akavua kofia. "Pole, bosi."

Hapo ndipo kamati ilipokaa. Jirani yangu, ambaye hajawahi kuendesha kitu chochote isipokuwa oto, alitaka niuze gari. Mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, alinishauri nisinunue kitu. Nipeleke pleti yangu ikabanduliwe, ikapigwe ribiti na kitambaa kipya, kama walivyofanya wao enzi za Zambia. Fundi mwenyewe alikuwa na klachi ya mtumba "ya Japani kabisa", na nilipoiomba niione ilikuwa bado imo ndani ya gari la mteja mwingine.

Halafu akaja shemeji.

Shemeji yangu naye ana Altezza, ya kwake imeshushwa hadi matuta anayapanda kimshazari, na ekzosi yake hubisha hodi kabla yake. Alikuja na simu mkononi, ndani yake video ya gari linalozunguka na moshi. "Shem," akaniambia, "hiyo flaiwili yako ni nanga. Weka nyepesi, na klachi ya seramiki, stegi thrii. Utanishukuru." Nikamwuliza stegi thrii ni nini hasa. Akasema ni ile inayofuata baada ya stegi tuu. Jibu hilo, kwa kweli, ni sahihi kuliko alivyokusudia, maana kila kampuni hujipangia madaraja yake na hakuna kipimo kinachowabana wote. La tatu la huyu laweza kuwa la pili la mwenzake.

Kuhusu nanga, hakusema uongo. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki. Injini hupiga kwa vishindo, na uzito ule ndio unaovilainisha. Gari linapong'oka pale liliposimama, uzito huohuo hulisukuma kabla mguu haujakanyaga mafuta sawasawa. Ya kawaida kwa injini ya lita 2 huwa na kilo 8 mpaka 10 hivi, za mashindano kilo 4 au 5. Ukiupunguza uzito, mizunguko inapanda upesi na kushuka upesi vilevile. Uwanjani hiyo ni sifa. Kwenye foleni ya Buguruni, huko kushuka upesi kunaitwa kuzima.

Ili anishawishi, shemeji akaniazima gari lake kwa jioni moja. Ijumaa, saa kumi na moja, Mwenge kwenda Ubungo kwa barabara ya Sam Nujoma, mke wangu pembeni. Kwanza pedeli. Presha pleti za namna ile zina springi kali, kwa hiyo nililazimika kujiinua kidogo kwenye siti ili uzito wangu wote ushuke kwenye mguu wa kushoto. Nikaachia polepole, kistaarabu. Hakuna kitu. Nikaachia unywele mmoja zaidi: gari likaruka, likamsalimia wa mbele, likazima. Pleti ya seramiki haina duara zima la kitambaa, ina vibao vichache tu, na inastahimili joto ambalo ya kawaida ingegeuka mkaa. Lakini habari ya kushika nusu haijui. Imeshika au imeachia.

"Mzee wangu," akauliza kijana wa bodaboda aliyekuwa ubavuni, kwa heshima zote, "L umeibandika wapi?"

Tulikwenda hivyo. Kila tukisimama, gia boksi ilikuwa inagonga-gonga, na mke wangu akawa anageuka kutazama nyuma kama kuna kilichodondoka. Muuza korosho aliyeanza kunibembeleza pale Mwenge tulikuwa naye mpaka Mlimani City. Tukapatana bei, akatupa chenji, akatutangulia. Kwenye makutano trafiki akatuonea huruma, akasimamisha upande wa pili kwa ajili yetu sisi peke yetu. Nikazima katikati. Akaja taratibu, akainama dirishani, akamsemesha mke wangu, si mimi.

"Mama, wewe huna leseni?"

Usiku ule mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatetemeka wenyewe kitandani. Ndiyo nikagundua kwamba katika kamati yote ile, mjumbe pekee anayefanya kazi ndiye ambaye hajaulizwa. Tangu hapo shauri likawa jepesi. Nataka klachi ya kawaida kabisa, ya kuendea kazini, na nanga yangu nabaki nayo.

Gerezani, Kariakoo, muuza spea hakupoteza muda. "Unataka orijino," akaniuliza, "au orijino yenyewe?" Kuna orijino ya boksi, kuna orijino ya Dubai, kuna orijino namba mbili, na bei hushuka kwa mpangilio huo hadi unafikia kitu ambacho muuzaji mwenyewe hukushika mkono na kukuambia, kama mzazi, usikichukue. Watengenezaji wenye jina wapo na si siri: Aisin na Exedy wa Japani, LuK na Sachs wa Ujerumani, Valeo wa Ufaransa. Hao huwauzia hata viwanda vya magari. Shida iko kwenye maboksi, kwa sababu boksi ni rahisi kuiga kuliko klachi. Kwa hiyo nilikwenda na pleti yangu kuukuu ndani ya mfuko, nikapanga kipenyo kwa kipenyo, nikahesabu meno ya katikati yanayoingia kwenye shafti ya gia boksi. Ya kwanza aliyonipa hayakulingana. Nikamwonyesha.

"Bosi, hayo yatazoeana."

Tulimaliza kwa seti nzima: pleti ya kitambaa cha kawaida yenye springi zake katikati za kumeza kishindo, presha pleti na rilizi beringi. Nikaongeza beringi ndogo ya nyuma ya krenki na sili ya krenki. Hivi viwili bei yake ni ya chakula cha mchana, lakini sili ikianza kuvuja mwezi ujao italowesha pleti mpya mafuta, na gia boksi ishuke tena kwa ufundi uleule, hela zilezile. Nawasihi wenye manyuo: msibane hapa.

Kulikuwa na ubishi kuhusu flaiwili. Ilikuwa na madoa ya bluu ya joto na mistari myembamba ya nyufa za juujuu. Fundi alisema tupige msasa tu, yeye kazi hiyo anaifanya tangu hajaoa. Mimi nikasema itakwenda kukerezwa kwenye leti, uso ukae sawa, maana klachi mpya kwenye uso uliopinda hutetema kila ukiondoka. Gari likiwa juu ya mawe, flaiwili ikapanda daladala pamoja nami, imefungwa kanga ya mke wangu. Konda akainyanyua ili aisogeze, akairudisha chini haraka. "Mzee, hii ina nauli yake." Bibi mmoja aliyekaa karibu akafunua pembe ya kanga, akapapasa meno yake ya starta pembeni, akaniuliza kama hilo jiwe la kusagia ni la umeme. Aliyekereza alinirudishia imeng'aa, nyufa zimetoka, na nauli ya kurudi nikailipa bila ubishi.

Siku ya kufunga nilisimama palepale. Nilifanya vizuri, kwa sababu deiwaka wa fundi alitoka kula mihogo ya kukaanga na kachumbari, akajifuta mikono kwenye suruali na kuiokota pleti mpya kwa vidole vinne, katikati ya kitambaa. Nilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Ikasafishwa kwa breki klina. Kisha akataka kuiweka imegeuka, springi zikitazama flaiwili, ingawa upande umeandikwa kwenye pleti yenyewe. Hapo fundi alipiga kelele kuliko mimi.

Sasa gari linaondoka bila maneno. Kitambaa kipya kinahitaji kama kilomita 800 za upole mjini ili kikae, na upole ndio kitu pekee ambacho foleni ya Dar inagawa bure. Shemeji alijaribu gari akashuka amenuna, anasema halina ladha.

Wiki iliyopita nikapigiwa na kijana nisiyemjua. Kumbe shemeji amechoka na ya kwake, ameitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, seti nzima na flaiwili nyepesi, kwa maneno haya: imejaribiwa na mtu mzima mstaarabu, namba yake hii hapa. Kijana alitaka kujua kama inafaa kwendea kazini. Nikamwuliza anakaa wapi. Mbagala. Kazi iko wapi? Posta. Gia ya tatu unaingiza wapi? Akafikiri kidogo, akasema huwa haingizi.

Shemeji ni shemeji, siwezi kumharibia biashara. Nikamwambia ni seti nzuri sana, ila kabla hajalipa aombe kuiendesha Mwenge hadi Ubungo, Ijumaa, saa kumi na moja, na asisahau kuchukua korosho njiani. Shemeji anasema kijana alirudisha ufunguo kwa miguu.