Bado Mmoja

Matatu ya Moiben ikiwa stegini Eldoret ina viti 14 na "bado mmoja". Huyo mmoja nadhani hangojwi na mimi peke yangu. Angojwa tangu sheria za matatu za Waziri Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004. Waliojaza viti vya mbele, kumbe ni vijana wa stegi: injini ikinguruma wanashuka, tunahesabu upya. Njiani tunapakia gunia la mahindi la kilo 90. Limelipiwa nusu nauli, lakini limekaa vizuri kuliko magoti yangu. Kwenye mwinuko wanariadha wanatupita, wala hawahemi. Basi, nyumbani kuna maziwa ya mursik ya kibuyuni na ugali moto. Makanga, sijasahau: chenji yangu ni shilingi 50.