Sifa za Baiti Mbili

Harusi zina nyimbo zake, mabaharia wana zao, na hata daku ina wapiga ngoma wake. Baiti mbili za urefu hazijapata hata ubeti. Leo nazisifu, na asiyetaka kusikia aendelee kutafuta kwa nini programu yake imeanguka.

Maskani yao ni AS/400, kompyuta ya kati ya IBM iliyotangazwa Juni 1988, kazi ya mikono ya Rochester, Minnesota. Mfumo wake ungali hai kwa jina la IBM i. Humo kila mwandaaji programu anaweza kujitungia amri. Amri ikitakiwa kurudisha jibu, sentensi yake ya PARM, ile inayoeleza kigezo cha amri, huandikwa RTNVAL(*YES), na anayeiita hutenga kigeu cha kupokelea. Cha herufi ngapi? Mmoja ametenga 10, mwenzake 40, na programu inayotekeleza amri imepewa anwani tu: inajua pa kuanzia, haijui pa kukomea.

Ongeza VARY(*YES), na wakubwa hawa, baiti mbili za urefu, huingia. Hukaa mbele ya nafasi ya jibu na kutaja upana wake. Kigeu kikiwa cha herufi 40, husomeka 00 28 kwa hesabu ya kumi na sita. Kwa unyenyekevu wao hawaji bila kualikwa, kwani kawaida ya PARM ni VARY(*NO). Na kwa staha yao, amri yao haipigwi chapa kwenye mstari wa amri mbele za watu. Hukaa ndani ya programu kama mwali.

Ila heshima wanaitaka. Mwandaaji asiyewatengea mahali, akarudisha jina Mwanaidi kuanzia baiti ya kwanza, “Mw” huketi kwenye kiti cha urefu, na anayebaki kwenye nafasi ya jibu ni “anaidi”. Hapo hakuna kengele wala taa nyekundu. Mbaya zaidi ni yule anayewaona, akawapuuza: nafasi ni ya herufi 20, yeye anamwaga 50. Zile 30 za ziada hufurikia kumbukumbu ya jirani, kisha kosa huzuka kwingine kabisa, labda kwenye hesabu za mishahara, na aliyeandika mishahara ndiye anayeitwa ofisini kujieleza. Ni walimu gani wengine waliowakesheza vijana wengi hivi wakisoma dampu za kumbukumbu, bila kudai hata senti ya ada? Mimi nawaona ni wakarimu kupita kiasi.

Basi, ndugu mwandaaji, ukitunga amri yako, andika RTNVAL(*YES) VARY(*YES), na katika programu yako tangaza namba ya baiti mbili kwanza, ndipo herufi zifuate. Kisha isome hiyo namba kabla hujaandika chochote.