Pesa ya Bati Imeingia Dampo

Mjomba, shikamoo. Na nyote mliokaa hapo barazani kwetu Ngamiani, salamu zenu, hata binamu anayesema siku hizi naringa.

Umeniuliza mara tatu pesa ya bati za paa lenu imekwenda wapi, na mara tatu nimekujibu kuwa mtandao unasumbua. Mtandao haujasumbua, mjomba. Pesa ya bati zenu imelipia kutupa paa langu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujampigia mama.

Hapa Dallas majira ya kuchipua huja na mvua ya mawe. Safari hii yalianguka mabonge ya barafu, mengine ndimu, mengine machungwa machanga, na paa likachakaa kwa robo saa. Usidhani ni bati. Nyumba za huku huezekwa vigae laini vya lami iliyonyunyiziwa changarawe. Lami ile ile mliyoililia miaka na miaka barabara ya Pangani, wenzenu wanalala chini yake.

Bima ilitoa chake. Fundi akanipa bei mbili: moja pamoja na kuzoa taka, nyingine taka nizoe mwenyewe. Mimi mpwa wa fundi bati kama wewe, taka zitanishindaje? Kwako wewe paa la zamani lilikuwa mali. Bati zilizotoboka zilikwenda bandani kwa kuku, zilizooza zikawa ua wa choo, na misumari tuliigongagonga mimi na binamu mpaka inyooke. Nikachagua bei ya chini.

Kumbe huku taka zina nyumba yake, na nyumba hiyo inapangishwa. Ni sanduku la chuma lisilo na kifuniko, wanaliita dampsta. Nilidhani wametohoa neno letu dampo. Kumbe nusu yake ni neno lao "dump", ambalo sisi ndio tulilitohoa. Nusu nyingine ni jina la ukoo wa Dempster wa Knoxville, Tennessee, waliobuni makontena ya kubebwa na lori miaka ya 1930. Mmoja wao, George Dempster, baadaye akawa meya wa mji huo. Mjomba, kuna mtu huku jina lake limebaki kwenye mapipa ya taka na ukoo haukushtaki.

Nikapiga simu kwa wapangishaji. Dada aliyepokea akaniuliza kwa upole, "Paa lako skwea ngapi?" Nikamjibu moja tu, na si skwea hasa, limerefuka kidogo. Kimya. Kisha akanifundisha kama mtoto wa chekechea: skwea ya paa ni futi za mraba 100, na skwea moja ya vigae hivyo ina uzito wa kilo 110 hivi. Paa langu skwea 24. Mimi nilitaka sanduku kubwa kuliko yote, la yadi za ujazo 40, kwa akili ya kununua kanzu ya mtoto. Akakataa. Lami ni nzito, likijaa lile, lori halilinyanyui. Akanipa la yadi 20, siku saba, mzigo usizidi tani nne. Tani ya Marekani, ambayo nayo wameipunja: kilo 907.

Likaja alfajiri. Lori likainua mgongo, sanduku likateremka kwa mnyororo, na mtaa mzima ukajua kwamba yule Mwafrika amepata kitu. Urefu futi 22, ukingo unanifika kifuani. Nilitandika mbao chini ili magurudumu ya chuma yasiichane saruji ya maegesho yangu. Gari langu likalala barabarani wiki nzima, maana sanduku lenyewe ukiliweka barabarani unaomba kibali cha mji. Nilimwonyesha mama kwa video. Akatazama, akaniuliza, "Mpangaji ameshapatikana?"

Mafundi walikuja saa kumi na mbili asubuhi, wakizungumza Kihispania, wakapanda juu na makoleo. Ilipofika saa nne msimamizi akaniita. Chini ya paa kulikuwa na paa. Aliyekaa hapa kabla yangu hakubandua la zamani, alipigilia jipya juu yake, na sheria za ujenzi zinaruhusu tabaka mbili. Kwa hiyo sikuwa na skwea 24 za kutupa, nilikuwa na 48. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nilishindwa kwa uchungu.

Usiku nao majirani wakaleta sadaka zao. Hawa watu mwaka mzima hatujasalimiana zaidi ya kupungiana mkono, lakini sanduku limetufanya ndugu. Asubuhi ya kwanza nilikuta godoro. Ya pili, televisheni yenye kisogo na matairi mawili. Matairi hayaruhusiwi, wala rangi, wala betri, wala friji. Ukikutwa navyo unatozwa. Nikaingia humo na ndala kuyatoa. Kisha ikanyesha. Godoro likanywa maji, na maji nayo yanapimwa kwenye mizani.

Lakini kulikuwa na kiti cha mbao kizima, kimelegea mguu mmoja. Nilikitazama siku mbili kwa aibu. Usiku wa tatu nikakichukua, kwa mara ya kwanza nikinyata kuiba kwenye sanduku nililolipia kodi. Ndicho nimekalia nikikuandikia.

Siku ya saba lori likaja, likalifunika sanduku turubai, likaondoka nalo. Mizani ikasoma tani sita kasoro kidogo, na kila tani iliyozidi ina bei yake. Kiasi hicho sikitaji barazani. Wiki hiyo hiyo chama cha wenye nyumba kikaniletea barua ya onyo: kontena linaharibu sura ya mtaa. Jirani wa godoro naye akaja kuniuliza, kwa tabasamu, linarudi lini.

Bati zenu nitazituma mwezi ujao, wallahi. Niletee vipimo kwa idadi ya bati na geji, si kwa skwea. Zile za zamani sisemi kitu. Nasikia shangazi ameshaahidiwa nane za banda la kuku, na binamu anadai mbili alizozinyooshea misumari tangu utotoni.