Inategemea Nani Kashona

Mjomba wangu anakamua alizeti Iringa na kuuza mafuta Mbeya, na hesabu za pande zote mbili zilikuwa kwenye kauntabuku. Alichoka kuambiwa kwenye ofisi za watu kwamba "mfumo uko chini, rudi kesho", akatamani na yeye awe na wa kwake, wa kuwaambia wanaomdai. Mimi niliyesomea uhasibu ndiye niliyetumwa kuutafuta.

Ya kuchagua ipo. Kuna Tally ya Wahindi, na kuna Odoo ya Ubelgiji, ambayo toleo lake la msingi ni la bure, ingawa fundi wa kuisimika si wa bure. Sisi tulitaka kitu kimoja tu: ununuzi, stoo, ukamuaji na mauzo visomane, lori likitoka Ipogolo ghala la Mwanjelwa liwe na habari kabla halijafika Makambako.

Muuzaji wa kwanza alikuja na suti na projekta. Umeme ukakatika, akamalizia kwa mikono.

"Mnanunua kwa kipimo gani?"

"Gunia," akajibu mzee wa stoo.

"La kilo ngapi?"

"Inategemea nani kashona."

Ikabidi mgeni aelezwe lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomo unagoma kufunga, linavishwa kilemba, linashonwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, nayo msimu ukifika inarudi imenenepa. Yule kijana akatikisa kichwa, akaandika gunia moja ni kilo 100. Alizeti ni nyepesi. Gunia lake halifiki huko hata ukilikalia. Kufikia jioni, kwenye hesabu za majaribio, mzee wa stoo alikuwa ameshaiba tani kadhaa bila kuinuka kitini.

Kasheshe zaidi ilikuwa mashudu. Wapo wakulima wanaoleta mbegu zao, tunawakamulia, wanaondoka na mafuta, sisi tunabaki na mashudu ndiyo ujira, tunawauzia wafugaji. Mfumo uliyaweka mashudu kwenye taka. Kwa maelezo yake, basi, tunakamua mali isiyo yetu, tunatoa mafuta yasiyo yetu, halafu tunaishi kwa kuuza takataka. Muuzaji akashauri tubadili biashara iendane na mfumo. Mjomba akamwuliza, kwa upole kabisa, kama ameshakunywa chai.

Mbeya nako, mama mkubwa anayesimamia ghala huwakopesha wakaanga chipsi. Mfumo ukamdai tarehe ya malipo.

"Andika: akipata," akasema.

Ukakataa. Akaufunga, akarudi kwenye daftari lake.

Tuliyemchukua mwishowe ni binti ambaye siku ya kwanza hata kompyuta hakufungua. Alimwamkia mzee wa stoo, akakaa naye mizanini, kila gunia likaingia kwa uzito wake lenyewe. Mashudu akayapa akaunti yao. Kwa mama mkubwa akaweka nafasi ya maelezo, na sasa "akipata" imejaa humo kurasa kwa kurasa.

Kisha ikatoka ripoti ya kwanza ya wadaiwa. Aliyeongoza ni mwenye kiwanda: madumu ya msibani, madumu ya harusini, dumu la "nitaandika baadaye". Mjomba aliisoma mpaka chini, akavua miwani, akamwuliza yule binti kama yale madumu hayawezi kuingizwa kwenye taka.