Mti Una Wenyewe

Bustani kubwa ni raha ya mtu asiyekata nyasi. Yetu iko Perthshire, Uskoti, nyuma ya nyumba ambayo mke wangu aliachiwa na shangazi yake, na ukubwa wake ndio unaoniponza. Nikiwaonyesha ndugu zangu wa Lushoto kwa simu, hawaoni maua. Wanaona shamba lililolala. "Mbona hamjapanda hata maharage?" Kule kwetu milimani, mtu mwenye eneo kama lile na hana mgomba hata mmoja huitiwa kikao.

Mti wenyewe sikuuomba. Aliuleta jirani, mzee mstaafu aliyemaliza ujana wake wote katika kazi za misitu. Alitokea asubuhi moja kaubeba ndani ya ndoo ya rangi: mche wa lachi, urefu wake fimbo ya kuchungia mbuzi. Akasema bustani kubwa isiyo na mti mrefu ni uwanja wa mpira tu. Wanangu wakashangilia, maana walidhani anaisifu.

Huku mtu akikupa mche wa lachi hukupa na historia yake, mmesimama mlangoni, chai inapoa. Pale Dunkeld, kando ya mto Tay, karibu na kanisa kuu, upo mlachi uliopandwa mwaka 1738. Ndio pekee uliosalia pale kati ya miche iliyoletwa kutoka milima ya Tyrol, na mbegu zake zilikwenda kujaza vilima vya jirani. Makabaila wa Atholl waliingiwa na wazimu wa mti huo, wakaupanda kwa mamilioni. Mmoja wao alitaka jeshi la majini la Uingereza liunde manowari kwa mbao zake, na kweli mwaka 1820 ikashushwa majini manowari iliyoitwa Atholl, ya mbao za mlachi. Na kule kwenye majabali asikofika mpandaji, husimuliwa kwamba walishindilia mbegu ndani ya mzinga wakaufyatulia mlima. Jirani alinisimulia hayo huku ameikumbatia ndoo yake kwa mikono miwili, nami nikaona heri niupokee mche kabla hajaenda kuleta mzinga.

Kuchagua mahali pa kuupanda kulichukua muda kuliko posa yangu. Jirani alipima kwa hatua kutoka ukutani, akasema mti huu unapita mita 30, haupendi kivuli cha mwenzake wala udongo unaotuamisha maji, basi usogezwe mbali na nyumba. Mke wangu alitaka usimame pale utakapolificha tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto. Watoto walitaka usimame kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeshika beleshi, na mwenye beleshi hana kauli, huonyeshwa tu kwa kidole. Shimo moja likakataliwa. Jingine likagonga jiwe ambalo nadhani ndiyo Uskoti yenyewe. Mwisho tukaupanda katikati kabisa, golini, na tangu hapo wanangu hupiga chenga mti.

Mwenye hisa aliyefuata hakubisha hodi. Kulungu wadogo wa huku, madume yao, wana desturi ya kusugulia pembe kwenye miti michanga kila majira ya kuchipua, ili kila dume ajue mtaa ni wa nani. Katika bustani nzima yenye vigingi, miwaridi na benchi la mbao, yeye aliuona mlachi. Gome likachunika upande mmoja, likaning'inia vipande vipande. Nikaujengea uzio wa waya na magogo, imara kiasi kwamba mtu wa posta aliniuliza humo ndani namfuga nani.

Mti ukapona, ukaanza kukimbilia juu. Mlachi mchanga hauna subira. Mwaka ukiwa mzuri unaweza kujiongeza karibu mita nzima. Ulipokwisha kunipita kimo, hata nikinyoosha mkono siifikii ncha yake, ndipo mama alipokuja kututembelea.

Alifika Oktoba, na viza ya miezi sita na begi ambalo nusu yake ilikuwa viungo. Hizo ndizo wiki ambazo mlachi hubadilika rangi. Sasa, yeyote aliyekulia karibu na mashamba ya miti ya Shume anajua kwamba msonobari ni kijani mwaka mzima, na ukiuona umegeuka manjano, tafuta shoka. Mlachi ni ndugu wa msonobari, ila wenyewe hupukutisha majani yote kila mwaka. Mama alifungua pazia asubuhi, akauona umekuwa wa dhahabu kuanzia juu hadi chini, akaniita kwa sauti ya msibani.

"Baba, huu mti wenu unaumwa."

"Hauumwi, mama. Ndivyo ulivyo."

"Nani kakwambia?"

Mke wangu, ambaye Kiswahili alikipata Tanga alipokuwa akifundisha, akaeleza vizuri sana, kwa heshima zote: baridi, maji kuganda ardhini, mti kujipumzisha. Mama akamsikiliza hadi mwisho, na tabasamu lile ambalo mama wakwe wamewawekea akiba wakamwana tu.

"Haya, mwanangu. Sawa." Kisha akanigeukia. "Majivu mnayatupa wapi?"

Novemba majani yakaanguka. Hapa niseme neno, kwa sababu watu husifia mlachi wa dhahabu wakiupiga picha, halafu wanapanda gari wanaondoka. Jani lake ni jembamba, halizidi sana pingili ya kidole, na ni laini. Huo ulaini ndio ubaya wake: halichomi, kwa hiyo hulijui mpaka umelala nalo. Nimeyatoa kwenye soksi. Nimeyatoa kwenye mfereji wa paa usiku wa mvua, nimepanda ngazi, mke wangu kaishika chini akinishauri. Nimeyatoa kwenye mswala wa mama. Yaliingia hata kwenye pilau, na mgeni mmoja akayatenga kando ya sahani pamoja na karafuu na vijiti vya mdalasini, kwa adabu kabisa, akidhani nayo ni viungo. Katika ushirika wote huu wenye wanachama wengi, kazi ya kufagia haijapata kugombewa.

Mti ukabaki vijiti vitupu, na mama akaanza tiba. Asubuhi majivu ya jiko la kuni, yakishapoa. Mchana maji ya kuoshea mchele. Samadi ya kondoo aliipata kwa jirani, baada ya mazungumzo marefu ya mikono kwenye uzio, kati ya watu wawili wasioelewana lugha ila wanaoelewana kinyesi. Jioni aliusomea, amesimama kwenye theluji ndani ya koti langu, kanga juu ya kofia ya sufu. Nikamwomba aingie ndani penye joto. Akaniambia mgonjwa haachwi peke yake.

Ilipofika mwishoni mwa Machi nikawa naomba moja kati ya mawili: mti uchelewe, au viza iwahi. Sikupata hata moja. Siku chache kabla ya safari yake, vile vinundu vya matawini, vidogo mfano wa punje ya mtama, vikapasuka vikatoa vishungi vya kijani kibichi, laini, ukivigusa utadhani umeshika manyoya ya kifaranga. Mama aliviona kabla yangu. Nilimsikia kutoka jikoni, yuko nje na simu, Lushoto nzima iko kwenye video: "Huu hapa! Wenyewe walishakata tamaa!"

Mke wangu akafungua mdomo, akaufunga.

Jirani akaitwa aje kushuhudia. Nikajiambia sasa haki itatendeka, mtu huyu kaotesha milachi maisha yake yote. Akauzunguka mti, akaugusa, akavua kofia, akaniambia nimtafsirie mama kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona tiba ya namna hiyo. Na kweli hajawahi. Kisha akaomba majivu yaliyobaki akayatie kwenye miwaridi yake.

Tangu arudi nyumbani, mama huulizia hali ya mti kabla ya hali yangu, na siku hizi swali lenyewe lina uzito. Mwaka 2009 ugonjwa uitwao Phytophthora ramorum ulionekana kwenye milachi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na baadaye ukafika Uskoti. Mti ukiupata hauna dawa. Amri hutoka ukatwe, na milachi ya jirani yake nayo ikatwe. Helikopta huzungukia misitu kutafuta vilele vilivyokauka. Ikipita upande wetu, jirani hutoka nje akasimama mikono kiunoni, na mke wangu huwakataza watoto kuipungia mkono, rubani asije akadhani anaitwa. Mama sijamwambia. Atapanda ndege na gunia la majivu.

Badala yake tunazungumza mbao. Mke wangu, katika kutafuta suluhu baada ya ile siku ya vishungi, alimweleza kwamba mbao za mlachi haziozi upesi, na kwamba huku huunda nazo mashua na kuzungushia kuta za nyumba kwa nje. Mama akauliza zetu zitakuwa tayari lini. Akaambiwa miaka 40, pengine 50. Akanyamaza. Nilidhani kakata tamaa, kumbe alikuwa anapiga hesabu. Jumapili iliyofuata akapiga simu kunipa taarifa kwamba ameshamwahidi mpwa wangu kitanda cha harusi, futi sita kwa sita, na fundi ameshaonyeshwa picha ya mti.

Mpwa wangu yuko darasa la nne. Nimemwambia asiwe na haraka ya kuoa.