Mlima Mnausingizia

Mvua ikishaanza Novemba, na mpaka itakapokatika Aprili, Unyamwezi huwa na maonyesho ya bure yasiyohitaji tangazo. Gari la fo-wili, lile ambalo bomba lake la hewa limenyanyuka ubavuni hadi likabatizwa jina la mkonga, linaonekana limelalia tumbo mahali tambarare kabisa, mahali ambapo bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani amepita asubuhi hiyohiyo bila hata kupunguza mwendo. Waulize waliomo, watakwambia njia ilikuwa mbaya, mlima ule si unauona, mawe yale si unayaona. Mlima wenyewe uko nyuma yao. Waliupanda salama, wakauteremka salama, watoto wakawapigia makofi. Mimi nautetea mlima huo. Nadai kwamba njia ya mlimani yenye ugumu wa wastani haimkwamishi dereva kwa ukali wake. Inamkwamisha kwa sifa inazomvisha kabla hajafika chini, na fo-wili huzizidisha sifa hizo hadi zikapita uwezo wa matairi.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini. Chukua mfano wa Choma, kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, katika nchi ya vilima vya graniti vilivyochomoza kwenye uwanda. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza jambo ambalo mkulima yeyote wa Kinyamwezi alikwisha kulijua kwa jembe lake: udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni, na kila kilima hurudia mpangilio wa jirani yake. Akauita mpangilio huo katena. Juu kuna jiwe. Mteremkoni kuna kichanga kinachopitisha maji upesi. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mfinyanzi mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza fimbo, na masika huvimba, ukateleza kwanza na kunasa baadaye. Anayekatiza vilima hivyo, basi, anapita barabara tatu kwa leseni moja. Wanaopima ugumu wa njia hutazama mwinuko, ukubwa wa mawe na kina cha makorongo, kisha huandika "wastani", na vipimo vyote hivyo wamevichukulia juu. Tambarare haimtii mtu shaka, kwa hiyo haipimwi. Njia ngumu kwelikweli haina hila hii: dereva anaitazama, anameza mate, anageuza gari. Njia rahisi nayo haimpi mtu cha kusimulia. Ya wastani ndiyo inayomwachia apite jabali la kwanza, apite la pili, hadi anaanza kuendesha kwa mkono mmoja.

Ushahidi wa pili uko chini ya gari lenyewe. Fo-wili huzungusha ekseli mbili badala ya moja, basi. Haiongezi breki wala haipunguzi uzito. Kila ekseli ina difu, na difu ya kawaida ina kasoro ya kupeleka mzunguko kwenye gurudumu lililo jepesi kuzunguka, yaani lile lililo hewani au topeni, huku mwenzake aliyekanyaga pakavu akitazama tu. Ndiyo maana gari linalovuta kwa magurudumu manne huweza kukwama likizungusha mawili, moja la mbele na moja la nyuma, likirusha tope kwa bidii ambayo ingestahili kazi bora zaidi. Tena kuna suala la mgandamizo. Tairi hukandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Ukijaza paundi 35 kwa inchi ya mraba, ndizo hizohizo unazoishindilia mbuga. Bibi wa kuni, hata akisimama kwa mguu mmoja, hafiki theluthi ya hapo. Hakutumia dawa yoyote kuvuka. Hesabu ilikuwa upande wake.

Na hapa niwasifu waliounda Land Cruiser za zamani, maana walimjua binadamu. Ili fo-wili ifanye kazi, dereva alilazimika kushuka, kuinama kwenye magurudumu ya mbele na kuzifunga habu kwa mkono. Aliyesahau alivuta gia ya fo-wili, akajazwa na fahari yote ya fo-wili, na magurudumu ya mbele yakabaki kuwa abiria. Alikuja kukumbuka habu zikiwa zimeshazikwa topeni, na utingo akatumwa azitafute kwa vidole. Mtindo huo ukalaumiwa kuwa ni usumbufu, yakaletwa magari ya kubonyeza kitufe, na nadhani hapo ndipo tulipoharibikiwa. Usumbufu ule ulimfanya mtu mzima aikanyage ardhi kwanza kabla ya kuanza kuitukana.

Anayedhani haya ni maradhi ya magari ya siku hizi akumbuke njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akitafuta namna ya kuwaepuka wapagazi, aligharamia tembo wanne kutoka India chini ya Kapteni Frederick Carter. Walishushwa majini Msasani, wakaogelea hadi pwani, wakaanza safari ya kwenda Karema, kando ya ziwa hilo. Karatasini mradi ulikuwa haukosoleki: miguu yote minne inavuta, tumbo liko juu kuliko chesisi yoyote, na mkonga ni wa kuzaliwa nao. Mmoja alifia Mpwapwa. Waliobaki wakazidi kupungua, na haukupita muda mrefu mradi wote ukazikwa. Mizigo ikaendelea mabegani mwa Wanyamwezi, ambako kwa kweli haikuwa imeondoka.

Baadaye akaja afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam Agosti 1907 kwa gari la Gaggenau lililoundwa maalumu kwa ajili yake, akafika Swakopmund kwenye Bahari ya Atlantiki Mei 1909. Ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari, na simnyang'anyi heshima hiyo. Lakini fanya hesabu: takribani kilomita 9,500 kwa siku 630 ni kilomita 15 kwa siku. Huo ni mwendo wa mpagazi, na mpagazi alikuwa na kilo zaidi ya 30 begani wala hakuhitaji petroli. Penye mito na matope gari lile lilivutwa kwa kamba na watu haohao waliokuwa wameambiwa kwamba sasa mashine imekuja kuwapumzisha.

Najua nitajibiwa kwamba nazungumzia magari ya kimaskini, kwamba yenye difu loki hayana habari na mambo haya. Difu loki ni kitu kizuri sana juu ya mawe, ambako gurudumu moja linaning'inia na jingine limeshika. Mbugani hakuna lililoshika. Huko difu loki huhakikisha tu kwamba magurudumu yote manne yanachimba kwa usawa, na gari linazama likiwa limenyooka, bila upendeleo. Mwingine atajitapa kwa winchi. Winchi inataka mti, na mti wa karibu mbugani huwa ni mgunga mfupi ambao ukivutwa unakuja, ama uko mbali kuliko waya. Akifunga kwenye gari la mwenziwe, mwenziwe naye anasogea, na baada ya dakika chache wako wawili.

Pingamizi zito ni jingine: je, gari la wagonjwa? Mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali ya Nkinga, wilayani humo humo, hawezi kuambiwa asubiri kiangazi. Hapo nakubali bila masharti. Mwinuko wa chesisi unaokoa sampu ya mafuta, na gia nzito ya kuteremkia inamwondolea dereva haja ya kukanyaga breki hadi zikanuka. Sijasema magari haya yauzwe chuma chakavu. Nasema yamepewa sifa ambazo ni za madereva wake. Dereva wa gari la wagonjwa anajua wapi mbuga imekatika na wapi kuna mgongo wa kichanga. Akitilia shaka anauliza, akijibiwa anazunguka, hata kama kuzunguka ni mbali. Hana mtu wa kumwonyesha. Aliyemo kwenye shangingi ana msafara mzima wa kumwonyesha, na bosi kiti cha nyuma.

Mwingine ataniambia lami itamaliza ubishi wote, na atanitolea mfano wa Sekenke, mlima ulio kati ya Igunga na Iramba, ambao kona zake za zamani ziliwatoa jasho madereva wa malori na leo watu wanaupita wakila karanga. Mfano huo ni wangu, ananirudishia. Wahandisi walipomaliza Sekenke walikutana na mbuga ya Wembere, tambarare isiyo na hata jiwe la kujikwaa, na huko ndiko walikolazimika kuinua tuta ili barabara isimezwe. Daraja la Mbutu, ambalo Igunga hujivunia kwamba lilijengwa na wakandarasi wa Kitanzania, nalo liko bondeni. Sijasikia kijiji kilichomlilia mbunge wake kijengewe daraja la kuvukia kilima.

Basi gari la mamilioni likishazama, anaitwa mzee mwenye ng'ombe. Anakuja taratibu, anasalimu "Mwangaluka", anauzunguka msiba mara moja, anataja bei. Madereva hulalamika kuwa hiyo ni hongo, kama ile waliyotozwa wafanyabiashara wa misafara na watemi. Sioni kosa lake. Hongo ililipwa ili mtu aruhusiwe kupita; huyu analipwa kwa sababu mtu ameshindwa kupita, tena ng'ombe wake wanne wanavuta wote wanne. Kwa hiyo, dereva, ukimaliza kuteremka kilima na mbele yako pakawa peupe, pamenyooka, pana nyasi za kijani, simama hapo. Punguza upepo kama mbele ni kichanga. Kama ni mbuga, vua viatu, tembea hadi ng'ambo, kisha urudi. Mguu ukizama hadi kifundo, gari litazama hadi mlangoni, na hapo zungukia kwenye mgongo mkavu au ngoja jua lifanye kazi yake siku mbili. Ukiona huwezi kungoja, mwite mzee kabla hujaingia, maana bei ya ng'ombe kabla ya kuzama si ile ya baada ya kuzama.