Dereva wa Mbagala, Konda wa Mwenge

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na kompyuta yangu inatumia Debian. Hayo mawili hayajawahi kugombana. Mgomvi ni mimi. Kadi yangu ya grafiki ilikuwa na dereva toleo la 525, nami nikasikia kwamba lipo la 535.

Najua wapo wanaotaka tuseme kiendeshi. Ni neno lenye adabu. Lakini kitu kinachoweza kukushusha njiani usiku bila kukurudishia nauli, mimi nakiita dereva.

Hakuna aliyenituma. Video ya sendofu ilikuwa imebaki kurenda tu, ikabidhiwe Jumamosi, na mama wa bibi harusi alishalipa nusu. Alhamisi usiku, badala ya kulala, nikanunua kifurushi cha intaneti ili nipakue vifurushi vya dereva.

Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story. Langu lilikuwa Bookworm, lililotoka Juni 2023, jina la yule mnyoo mwenye tochi anayetunza vitabu vya maelekezo. Tawi lisilotulia, ambako vifurushi vipya hufikia kwanza, linaitwa Sid: yule mtoto wa jirani anayevunja midoli. Yaani wenyewe walishatuonya kwa jina kabisa. Na 535 ilikuwa kwa Sid.

Nikaongeza mstari mmoja wa Sid kwenye orodha ya maghala. Usipoiambia apt, ile programu ya kusakinisha vifurushi, vinginevyo, maghala ya kawaida yote hupata alama 500, na alama zikilingana, toleo jipya ndilo linaloshinda. Wenye busara humpa Sid alama 100, akae barazani asubiri kuitwa. Mimi nilimfungulia hadi chumbani, kisha nikaagiza mfumo mzima usasishwe. Nilimtaka dereva mmoja. Apt ikaniuliza kama niko tayari kupokea vifurushi 1,143. Umealika mgeni mmoja, amekuja na kamati nzima ya harusi. Nikajibu ndiyo.

Saa sita usiku programu ya kuhariri ikaacha kuiona kadi. Dereva wa kadi yangu ana sehemu mbili: moduli inayokaa ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo, na maktaba zinazotumiwa na programu. Lazima zote ziwe za toleo moja, mpaka tarakimu ya mwisho. Moduli ya 525 ilikuwa kwenye usukani tangu asubuhi, na maktaba za 535 ndiyo kwanza zimepanda. Dereva wa Mbagala, konda wa Mwenge. Huyu anaita abiria wa huku, yule anakata kona kwenda kule. Dawa yake inajulikana: zima, washa.

Nikazima, nikawasha. Giza. Juu kushoto kamstari kadogo keupe kanapepesa, kama kananikonyeza.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Katika ule msafara wa Sid ilikuwamo keneli mpya, na kila keneli mpya inapoingia, programu iitwayo DKMS huijengea moduli yake papo hapo, mradi zipo heda za keneli hiyo, yaani mafaili ya kujengea. Heda zangu nilizisakinisha zamani kwa amri niliyoinakili, zile za keneli ya siku ile tu, badala ya kifurushi mama kinachofuata kila keneli ijayo. Basi moduli haikujengwa. Nouveau, dereva wa bure ambaye angenistiri, alikuwa ameshapigwa marufuku na kifurushi cha dereva huyu wa kampuni iliyotengeneza kadi. Wa zamani kafungiwa geti, mpya hajazaliwa.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3, nikapata maandishi matupu. Hadi saa kumi alfajiri nilikuwa nafuta dereva, namrudisha, namfuta tena, simu nimeichomeka kwa waya inipe intaneti, kifurushi kinakata roho. Saa moja asubuhi mama wa bibi harusi akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Video imefikia wapi?"

"Iko jikoni, mama. Inaiva."

Nikampigia fundi mwenzangu. Akanisikiliza kwa upole wa daktari anayeona mgonjwa amekunywa dawa ya mifugo.

"Kaka, kompyuta inapowaka, pale mwanzo, umejaribu kuchagua keneli ya zamani?"

"Ya zamani ipi?"

"Iko ndani ya mstari wa pili wa menyu."

Ilikuwa ndani ya mstari wa pili. Heda zake zilikuwapo, kwa hiyo humo 535 iliweza kujengwa. Kompyuta ikawaka kama haijawahi kuniona. Video ikarenda, Jumamosi nikaikabidhi. Jumapili nikafuta kila kitu na kuisakinisha Bookworm upya, maana kumrudisha Sid kwao kifurushi kimoja kimoja ni kazi ya mtu asiye na familia.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja, katika sasisho za kawaida kabisa, 535 ikaja yenyewe hadi Bookworm, bila Sid, bila kamati. Apt ikauliza: niendelee? Nikatoa kidole kwenye kibonyezo, nikampigia kwanza mama wa bibi harusi.

"Shikamoo mama. Hivi kuna mwanao mwingine anayeolewa karibuni?"

"Yupo mdogo wake, mwanangu! Jumamosi hii sendofu, nilitaka nikupigie."

Nikabonyeza N.